Majirani zetu Abayudaya wa Mbale na masomo ya Ijumaa Kuu: sisi Wakatoliki tufanyeje?

KatekistaMbale

Wanajukwaa, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie. Jambo lenyewe nimelibeba moyoni tangu Ijumaa Kuu iliyopita, na sasa Kwaresima imeingia tena.

Mimi ni katekista upande huu wa Mbale, mashariki mwa Uganda. Kigango chetu kinasali kwa Kiswahili kwa sababu tumechanganyika: Wagisu, Wateso, Wagwere, Waganda, watu wa Busia na Malaba, na familia za askari. Wanaoijua Mbale wanajua kuwa ukitoka mjini ukapanda kuelekea Namanyonyi unafika kilima cha Nabugoye, na pale juu kuna sinagogi. Waumini wake wanafuata dini ya Kiyahudi, wanaitwa Abayudaya, na mmoja wao ni Myudaya. Hawakuja na ndege kutoka popote. Ni watu wa hapa hapa, wanalima kahawa, ndizi na maharage kama sisi, ila Jumamosi jembe haliguswi.

Mwaka jana vijana wangu waliigiza Mateso ya Bwana barabarani. Watu walikuwa wengi, nikaogopa watazamaji hawatajua nani ni nani, basi nikachukua ubao wa boksi la sabuni, nikaandika kwa kalamu nene WAYAHUDI, nikaufunga kwa kamba shingoni mwa kijana aliyeongoza kundi la kupiga kelele "Asulubiwe!" Ubao ule niliuandika mimi, kwa mkono wangu. Tukapita mbele ya duka la jirani yangu mmoja ambaye ni Myudaya. Ananiuzia sukari, unga wa ngano na hamira kila wiki. Binti yake wa miaka tisa alikuwa amekaa juu ya gunia, anasoma darasa moja na binti yangu. Anajua kusoma vizuri sana yule mtoto. Niliyaona macho yake yakiufuata ule ubao mpaka tulipokata kona.

Jumatatu ya pili yake binti yangu akaja jikoni akaniuliza: "Mama, rafiki yangu anauliza kama yeye ndiye alimpiga Yesu."

Sikuwa na jibu. Nilienda dukani, mama yake akanipimia sukari kama kawaida, akafunga mfuko, akasema taratibu: "Dada, jina lililo kwenye Injili yenu na jina letu ni moja."

Ni kweli. Biblia ya Kiganda inaandika Abayudaaya, na hivyo hivyo ndivyo wanavyoitwa majirani zetu. Kiswahili kinasema Wayahudi. Mkristo wa nchi ambayo haina Myahudi hata mmoja akisoma neno hilo anawaza watu wa kale. Kwetu Mbale mtoto akilisikia kanisani anamwona mama wa dukani.

Nikaanza kutafuta Kanisa limesema nini. Nikakuta lilishasema, na lilisema kabla sijazaliwa. Tarehe 28 Oktoba 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa tamko la Nostra Aetate. Maaskofu 2,221 walilikubali, 88 walilikataa. Kifungu cha 4 kinafundisha kwamba yaliyotokea katika mateso ya Kristo hayawezi kubebeshwa Wayahudi wote walioishi wakati ule, wala Wayahudi wa leo, na kwamba wasionyeshwe kama watu waliokataliwa au kulaaniwa na Mungu. Papa aliyelitia sahihi ni Paulo VI, yule yule aliyewatangaza Mashahidi wetu 22 kuwa watakatifu mwaka 1964, na akaja hapa Uganda mwaka 1969. Tunaiweka picha yake ukutani. Mafundisho yake juu ya jirani yetu sikuwahi kuyasikia kwenye semina hata moja ya makatekista.

Swali langu: mwaka huu tufanyeje? Na urafiki na watu hawa tuujenge vipi, uwe urafiki kweli na si picha ya pamoja na soda?

MteremkoWaElgon

Mama Katekista, kwa heshima zote. Naelewa uchungu wa yule mtoto, lakini Injili ya Yohane imeandikwa hivyo. Leo tukiogopa neno moja kwa ajili ya jirani, kesho tutafuta aya nzima. Imani haiendeshwi kwa kuangalia nani atanuna dukani.

KatekistaMbale

Ndugu yangu, hakuna anayefuta aya. Nitaisoma Injili ya Yohane sura ya 18 na 19 yote kama ilivyo. Tatizo langu ni ule ubao. Haumo katika Injili, niliuleta mimi.

Fikiria: siku ile nilimwandikia nani? Yesu alikuwa Myahudi. Mama Maria Myahudi. Petro, Yohane, Maria Magdalena, wanawake waliolia njiani, wote Wayahudi. Kama ni kuandika, ningewaandika wote, hata yule kijana aliyebeba msalaba. Lakini nilimwandika mpiga kelele peke yake. Huo ndio uongo nilioufundisha mbele ya mji mzima.

Na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 598, inasema wazi kwamba wakosefu wote ndio chanzo cha mateso ya Kristo, na inawaelekezea kidole kizito zaidi Wakristo, kwa sababu sisi tunatenda dhambi huku tunamjua.

Halafu, wewe ni wa Elgon, nadhani ni Mgisu. Tarehe 1 Januari Injili inayosomwa ni Luka 2, kwamba mtoto alipotimiza siku nane alitahiriwa akaitwa Yesu. Sisi Wagisu tunangoja imbalu, tohara yetu ya jadi, mpaka kijana ana ndevu. Nani hapa Mbale anamtahiri mtoto wake siku ya nane, kama Maria na Yosefu walivyofanya? Jibu unalo.

MyudayaWaMlimani

Dada Katekista, shaloom, na asante. Nimesoma mara mbili. Mimi ni wa Nabugoye, nimezaliwa pale. Niruhusu niwasimulie wasiotujua, maana wengi hudhani tuliletwa na wazungu kwa ajili ya misaada.

Aliyeanzisha ni Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewatekea Waingereza eneo hili la mashariki, na mji wa Mbale wenyewe unahesabiwa kuwa kazi ya mkono wake. Alikuwa Mprotestanti, kisha akaingia kwa Bamalaki, dhehebu la Kikristo la hapa hapa Uganda. Alivyozidi kusoma vitabu vya Musa ndivyo alivyozidi kuuliza maswali. Mwaka 1919 akatahiriwa yeye na wanawe. Bamalaki wakamwambia hayo ni mambo ya Wayahudi. Akawajibu, basi mimi ni Myahudi. Alifariki 1928, kaburi lake liko hapa Mbale.

Wakati wa Idi Amin dini yetu ilipigwa marufuku. Wazee wetu walisali kwa siri, wengine chini ya migomba, vitabu vikifichwa. Wengi waliingia ukristo na uislamu ili wasalimike, tukabaki yapata 300. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Jioni ile ile ndiyo Pasaka yetu ilikuwa inaingia. Babu zetu walikaa mezani kusimulia habari ya kutoka utumwani Misri wakati redio inasema Amin amekimbia. Na ninyi mtazame kalenda: Jumatano ile ilikuwa ndani ya Juma Kuu lenu, Alhamisi Kuu ilikuwa kesho yake, na Jumapili ya tarehe 15 ilikuwa Pasaka yenu. Nchi nzima ilifunguliwa minyororo katika wiki ambayo sisi na ninyi tulikuwa tunasoma kitabu cha Kutoka.

Leo tuko kama 2,000, vijiji kadhaa. Rabi wetu, Gershom Sizomu, alipata daraja hilo Los Angeles mwaka 2008, na mwaka 2016 watu wa Bungokho Kaskazini walimchagua kuwa mbunge. Wapiga kura wale wengi wao ni Wakristo na Waislamu. Hilo naliheshimu sana. Na shule yetu ya sekondari inayoitwa kwa jina la Kakungulu inapokea watoto wa dini zote.

Kuhusu ule ubao, sikuwepo, lakini nimewahi kuwa mtoto yule. Shule ya msingi niliyosoma, mwalimu alisoma habari ya mateso, kisha darasa zima likageuka kunitazama. Mwalimu hakusema neno. Mpaka leo nakumbuka dawati nililokalia.

KijanaWaPwani

Naomba kuuliza wakuu, hao ndio wale waliotaka kupewa Uganda na Mwingereza iwe nchi ya Wayahudi?

MwalimuBusia

Hapana kijana, hayo ni mambo mawili. Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alimpa Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni waliokuwa wakitafuta nchi ya Wayahudi, wazo la eneo Afrika Mashariki kwa ajili ya Wayahudi waliokuwa wanauawa Urusi. Wanaliita Mpango wa Uganda, lakini ardhi yenyewe ni Uasin Gishu, leo iko Kenya. Mkutano wa Wazayuni ulilikataa mwaka 1905. Kakungulu alitahiriwa miaka 14 baadaye na wala hakuhusika nalo.

HajjiMizani

Asalaam aleykum. Mimi ni Muislamu, lakini Mbale jambo hili ni letu sote, na Mama Katekista ameuliza urafiki unajengwaje. Nitasema ninachokijua, yaani kahawa.

Mwaka 2004 J. J. Keki wa Nabugoye alipita nyumba kwa nyumba akiwaomba wakulima Wayahudi, Wakristo na Waislamu waunde chama kimoja cha ushirika. Alikuwa New York tarehe 11 Septemba 2001 yale majengo yalipoanguka, akarudi akitaka watu wa dini mbalimbali wafanye kazi pamoja kwa amani. Chama kikaitwa Mirembe Kawomera, kwa Kiganda maana yake amani tamu. Kahawa ni arabika ya mteremko wa Elgon, ikauzwa Marekani kwa bei nzuri kuliko ya walanguzi.

Mimi nimekaa kwenye mizani ya kahawa miaka mingi, si lazima niseme wapi. Mizani inafundisha. Mkulima anafika na gunia lake la kahawa ya maganda, unazamisha mkono katikati ya gunia, unatoa konzi, unaibana punje kwa meno usikie kama imekauka. Ikiwa na unyevu unairudisha juani, awe padri, shehe au rabi. Watu wakikuona unarudisha gunia la ndugu yako wa msikitini na kulipokea la Myudaya kwa sababu lake limekauka, wanaanza kukuamini. Na wakikuamini kwenye kilo watakuuliza na mambo mengine. Mwaka wa kwanza tuliongelea bei tu. Mwaka wa tatu Myudaya mmoja aliniuliza kwa nini tunafunga mwezi mzima, nami nikamuuliza kwa nini hapigi simu Jumamosi. Mazungumzo yale yalifanyika juu ya magunia, hakuna aliyetualika kwenye kongamano.

Kwa hiyo ushauri wangu, Mama: tafuteni kazi ya pamoja kwanza. Kisima, daraja, miche. Dini itakuja yenyewe mkiwa mnapumzika.

BintiMalaba

Hajji umesema vizuri. Lakini niulize wazi kwa sababu wengine watauliza kwa fitina: na vita vya kule Israel na Palestina? Vijana wa kwetu wakisikia neno Wayahudi wanaruka moja kwa moja kwenye habari za usiku.

HajjiMizani

Binti yangu, mimi nina maumivu yangu kuhusu Palestina na siyafichi, hata Myudaya niliyemtaja anayajua. Yeye naye ana yake. Tumeyaongea, tukatofautiana, na gunia lake bado nalipima sawa. Jirani yangu wa kilimani hakurusha bomu mahali popote. Nikimwadhibu kwa la mwingine nimefanya kile kile Mama Katekista anachokijutia hapa.

MzeeMstaafuEntebbe

Wanangu, nimesoma yote. Nina miaka zaidi ya sabini. Mwaka 1976 nilikuwa kijana Entebbe, naishi si mbali na uwanja wa ndege. Nataka kuongeza jambo moja ambalo Wakatoliki wa Uganda wangepaswa kulisimulia kila mwaka.

Tarehe 27 Juni ndege ya Air France iliyotoka Tel Aviv kwenda Paris ilitekwa baada ya kupita Athens, ikaletwa Entebbe. Watekaji waliwatenga Waisraeli na Wayahudi wengine upande mmoja. Abiria waliobaki wakaachiliwa kwa mafungu mawili. Rubani, Mfaransa Michel Bacos, akasema abiria wote ni dhamana yake, haondoki, na wenzake wa ndegeni wakabaki naye. Na palikuwa na mtawa, sista wa Kifaransa, naye aliruhusiwa kwenda. Akakataa. Akaomba abaki yeye ili mmoja wa wale waliotengwa aondoke badala yake. Askari wetu wakamlazimisha kupanda ndege.

Sista yule hakuwa amealikwa kwenye mdahalo wa dini. Alikuwa na nafasi ya kurudi kwao, akataka kuitoa, hapa kwetu. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai, makomando wa Israel walipokuja kuwaokoa mateka, tulisikia milio, tukalala chini ya vitanda. Mama mzee mmoja kati ya mateka, aliyekuwa amelazwa hospitali ya Mulago, Dora Bloch, aliuawa baada ya hapo. Mengi ya siku zile yanatutia aibu. Lakini sista naye ni sehemu ya historia yetu, na simsikii akitajwa kwenye mahubiri.

MteremkoWaElgon

Mzee, habari ya sista nilikuwa siijui. Asante.

Mama Katekista, nimerudi. Nimelala nikiwaza juu ya ule ubao. Mimi bado sitaki Injili iguswe, na naona nawe hutaki. Lakini nina swali jingine. Papa Yohane Paulo II alipoingia sinagogi la Roma tarehe 13 Aprili 1986 aliwaita Wayahudi ndugu zetu wapendwa, akaongeza kwamba kwa namna fulani ni kaka zetu wakubwa. Kwetu kaka mkubwa ana neno lake. Ukioa unamwambia, ukizika anasimama mbele. Sasa je, tunawaheshimu hivyo, au ni jina tu la kupamba hotuba?

KatekistaMbale

Hilo ndilo swali lenyewe, ndugu. Kaka mkubwa huulizwa. Mimi miaka 11 ya ukatekista nimefundisha Agano la Kale bila kumuuliza hata mara moja mtu anayeliishi, na yuko umbali wa safari moja ya boda.

Tusijidanganye kwamba ni vigumu mno. Babu zetu Wakatoliki na Waprotestanti walipigana risasi pale Mengo mwezi Januari 1892, Wafransa na Wangereza kama walivyojiita, wote Waganda, wote wanamtaja Kristo. Leo tunazikana. Kama hilo liliwezekana, hili la jirani ambaye hajawahi kutupiga hata jiwe litatushinda vipi?

Ndugu wa Mlimani, naomba uniambie bila kunionea haya: nikitaka kuwaalika ninyi, ni nini hamli, na nikija kwenu nifanyeje?

MyudayaWaMlimani

Dada, usiogope. Usitualike Ijumaa jioni wala Jumamosi mchana. Nyama yako hatutaila hata kama ni ya ng'ombe, kwa sababu ya uchinjaji, si kwa sababu tunakuona mchafu. Sufuria zako nazo zimepikiwa vitu tusivyokula. Tuletee ndizi mbivu, mapapai, karanga, soda, na kahawa kwenye vikombe vya karatasi. Mtu akikataa sahani yako usiumie.

Ukija kwetu Jumamosi asubuhi, acha simu na begi. Wanaume watapewa kofia. Utasikia Zaburi kwa Kiganda na kwa Kiebrania, nyingi utazijua. Zaburi ya 118 tunaiimba usiku wa Pasaka. Nasikia nanyi mnayo Jumapili ya Pasaka.

KatekistaMbale

Tunayo. "Hii ndiyo siku aliyoifanya Bwana." Na mkesha wetu wa Pasaka una masomo mengi, padri anaweza kupunguza baadhi, lakini somo la Kutoka sura ya 14, la kuvuka bahari, sheria ya liturujia hairuhusu kuliacha kamwe. Hata Kiswahili chenyewe kina neno moja, Pasaka, kwa sikukuu zenu na zetu.

KatekistaMbale

Wanajukwaa, nimerudi na mrejesho kama nilivyoahidi wale walioniandikia pembeni.

Nilikaa na paroko na viongozi wa kigango. Paroko alikubali. Dominika ya Matawi, kabla ya kusoma Mateso, mwenyekiti wa vijana alisimama akasoma sentensi nne tulizoziandika pamoja: kwamba Yesu na mama yake na mitume ni Wayahudi, kwamba Kanisa linakataza kuwalaumu Wayahudi wa jana au wa leo kwa kifo chake, na kwamba tunaposema "Asulubiwe" tunasema sisi. Kanisa lilinyamaza. Mzee mmoja alinifuata nje akaniambia amesali miaka sitini, na neno hilo ndiyo mara ya kwanza analisikia. Ijumaa Kuu tutarudia kabla ya Yohane. Kwenye igizo hakuna ubao, na kundi la kupiga kelele litavaa nguo zetu za kawaida, kanga na mashati tunayokwenda nayo sokoni. Kijana aliyebeba ubao mwaka jana ndiye aliyependekeza hivyo.

Na kwa ushauri wa Hajji, tumekubaliana na watu wa Nabugoye kupanda miti kwenye ule mteremko unaoporomoka kila mvua za masika. Tutaanza Jumapili ya pili baada ya Pasaka, saa nane mchana.

La mwisho ndilo sikulitegemea. Juzi mama wa dukani aliniita. Pasaka yao inaingia siku chache kabla ya yetu, na katika siku hizo hawatakiwi kumiliki chachu wala unga wa ngano. Alinieleza kuwa sheria yao inaruhusu kumuuzia mtu asiye Myahudi, mauzo ya kweli kabisa, kisha sikukuu ikiisha wanakubaliana kurudisha. Akaniuliza kama nitanunua mimi. Tulihesabu pamoja: mifuko mitatu ya unga, katoni moja ya hamira, na mikate ya jana. Nikampa shilingi elfu kumi za kutangulia, naye akanipa ufunguo wa stoo. Ufunguo uko kwenye msumari sebuleni, karibu na rozari yangu.

Binti yangu ameuliza kama tunaweza kukanda maandazi, maana unga sasa ni wetu. Rafiki yake alikuwa amekaa pembeni anasikiliza. Nikamwambia ndiyo, unga ni wetu kweli, lakini hatutaugusa. Yule mtoto akacheka, akasema hata mama yake alijua nitasema hivyo.